Nilimfukuza dada wa kazi kwasababu "roho yangu ilikataa": nina karama ya kupambanua au nina wasiwasi tu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro, nimeokoka mwaka wa saba sasa. Mwaka juzi kuna mtumishi alikuja kanisani kwetu na mradi wa viwanja, watu wakachanga, mimi moyo ulikataa kabisa nikamwambia baba watoto tusitoe hata mia, na kweli baadae watu wakalizwa. Tangu hapo wenzangu kwenye kikundi cha maombi wananiambia nina karama ya kupambanua roho. Sasa mwaka huu mwanangu mdogo akawa anakoroma, anashtuka usiku, anaamka analia, na mimi kila dada wa kazi akiingia sebuleni nasikia uzito. Nikawashirikisha wamama, mmoja akasema ameona nyoka chini ya kitanda cha dada. Nikamwondoa siku ileile, nikampa nauli ya kwao Singida. Wiki tatu mbele mtoto bado yuko vilevile, tukampeleka hospitali, daktari akasema ni nyama za puani zinamziba pumzi akilala. Mwalimu sina amani. Nilikosea? Mbona ile ya kwanza nilipatia? Na kama hii karama ninayo kweli, naikuzaje isije ikaniumbua tena?

JIBU: Amina mama, marahaba. Swali lako nimekaa nalo siku nne, maana wanaoniuliza "naikuzaje karama ya kupambanua" ni wengi, kila muhula chuoni nawapata, ila anayekuja na hesabu kamili, hapa nilipatia na hapa nilikosea, tena kosa kalitaja mwenyewe bila kulizungusha, huyo ni nadra. Hiyo inanipa matumaini na wewe kuliko hata ile stori ya viwanja.

Ndio, ulikosea. Lakini tuangalie ulikosea wapi hasa, maana kuna watakaokwambia ulikosea kusikia, kwamba masikio ya rohoni hayajafunguka vizuri, funga siku tatu kavu yatafunguka. Mi sioni hivyo. Uzito ulikuwepo kweli. Mama hajalala wiki nzima, mtoto analia saa nane usiku, asubuhi kazini, jioni maombi, huo mwili utaachaje kuwa mzito, na dada ndio mtu wa kwanza unayemwona ukifungua mlango wa chumbani. Ulisikia kitu cha kweli alafu ukakipa jina la mtu. Hapo ndipo gari lilipoacha njia.

Na hili neno lenyewe la Kiswahili limekaa vizuri kuliko tunavyolitumia makanisani. Pambana ni vitu kukutana, kugongana, kushikana, alafu pambanua ni kuvitenganisha tena, ni kama ziba na zibua, funga na fungua. Kwahiyo mtu anayepambanua ana vitu vitatu vinne mkononi vimejisokota pamoja, anakaa chini anavitoa kimoja kimoja: hiki ni usingizi wangu, hiki ni hofu ya mtoto kuumwa, hiki ni kile kinyongo nilichonacho na huyu binti tangu mwezi uliopita (sijui kama kilikuwepo, unajua wewe), na hiki kilichobaki, kama kipo, ndio nakipeleka mbele za Mungu namuuliza ni nini. Wewe uliyakuta yamejisokota ukayabeba yote kama furushi ukamtwisha binti wa watu akapanda nalo basi mpaka Singida.

Kuna kitu wengi hatukioni kwenye ile orodha ya 1 Wakorintho 12. Kupambanua roho kumewekwa mara tu baada ya unabii, aya ileile ya 10, na ukienda sura ya 14 aya ya 29 Paulo anasema manabii wanene wawili au watatu "na wengine wapambanue", na kwa Kigiriki ni mzizi uleule wa neno. Maana yake sehemu kubwa ya kazi ya karama hii ni kupima yanayosemwa ndani ya kusanyiko kwa jina la Bwana. Sasa rudi kwenye kikundi chenu siku ile. Mama mmoja kasema ameona nyoka. Nani alipima? Hakuna. Wewe ambaye wote wanasema una karama ya kupima, ulipokea maono ya mwenzako bila hata swali moja, kwasababu yalikubaliana na ulichokuwa unakihisi tayari. Karama yako ilitakiwa kazini dakika ile na yenyewe ilikua imelala, alafu siku hiyohiyo tukaiamsha ikamfukuze mtu asiyekuwepo kwenye kikao.

Sasa nikupeleke Filipi, Matendo 16, maana kisa chako na kile vinafanana mpaka nilishtuka nilipokuwa nasoma ujumbe wako. Kuna kijakazi pale, binti wa kazi, ana pepo wa uaguzi, anawapatia mabwana zake faida nyingi. Anamfuata Paulo anapiga kelele, "Watu hawa ni watumwa wa Mungu aliye juu, wenye kuwahubiria njia ya wokovu." Hebu tafuta uongo kwenye hiyo sentensi. Haupo. Ni kweli tupu, ingeweza kuandikwa kwenye bango la mkutano wa injili. Kwahiyo ikiwa kipimo chako ni "alichosema kilitimia" au "alinitajia jambo langu la siri na ni kweli", yule binti angekua nabii wa kanisa lenu na angekaa kiti cha mbele. Ukweli wa taarifa hauonyeshi chanzo chake. Ndio maana Kumbukumbu la Torati 13 inasema hata ishara ikitimia, kama huyo mtu anakuvuta uende kwa miungu mingine, usimsikilize.

Alafu angalia muda. Biblia inasema alifanya hayo siku nyingi. Paulo, mtume, hakuruka siku ya kwanza. Na alipogeuka alisema na pepo, hakusema na binti, wala hakuwaita wenzake pembeni kuwaambia huyu msichana mnamwonaje. Pepo akatoka, binti akabaki mzima, waliopata hasara ni mabwana waliokua wanamtumia, na Paulo mwenyewe akaishia kupigwa bakora na kufungwa. Mama, Paulo alimfukuza pepo akamwacha binti. Wewe ulimfukuza binti, na kama pepo alikuwepo basi mlimwacha hapohapo sebuleni. Nakwambia hivi sio nikuumize, ni kwasababu ukishaiona tofauti hii huwezi kuisahau tena.

Na hapo nataka niseme kitu ambacho wachungaji wenzangu wengine hawatakipenda. Sehemu kubwa ya tunachokiita kupambanua siku hizi ni ramli iliyobatizwa. Mtu anaenda kwa mganga na swali moja tu, nani kaniroga, na mganga kazi yake ni kumpa jina: jirani, mama mkwe, mke mwenza, bibi mwenye macho mekundu. Kule Usukumani wazee wetu wanawake wameuawa kwa macho mekundu ambayo ni moshi wa jikoni wa miaka arobaini, hakuna zaidi. Sasa mtu huyo anaokoka, anaacha mganga, lakini swali anakuja nalo, ameliweka kwenye mkoba na Biblia, na kanisani akipata mtu wa kumpa jina anafurahi anasema hapa kuna nguvu za Mungu. Ukisoma Agano Jipya lote hutakuta karama ya Roho ikitumika kumjibu mtu nani kasababisha mtoto aumwe. Wanafunzi wenyewe waliuliza swali la namna hiyo Yohana 9, nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, na Yesu akakataa kulijibu kwa namna walivyolitaka, akamponya kipofu.

Sasa kisa kingine ambacho mi nikifundisha somo hili huwa nakaa nacho kipindi kizima, Eli na Hana, 1 Samweli 1. Hana analia hekaluni, midomo inacheza sauti haitoki, Eli amekaa pale mlangoni anamwangalia anaona mlevi. Kuhani mkuu huyo, mwenye uzoefu, yuko kazini. Anamwambia mpaka lini utakua mlevi, na Hana anamjibu kwa upole kabisa, hapana bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu. Ukifungua sura ya pili unakuta wanawe Eli wanachukua nyama ya sadaka kwa nguvu, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu anachomoa sufuriani, na hayo baba yao yalimchukua muda mrefu sana kuyashughulikia, na alipoyashughulikia aliyasema kwa upole wa baba tu. Unaona macho ya Eli yalivyokua? Makali kwa mwanamke mnyonge anayelia, mazito kwa wenye nguvu wa nyumbani kwake mwenyewe.

Hiki ndicho kipimo ambacho mimi nakitumia kuliko vyote na nakupa na wewe: huu mguso wangu unaelekea kwa nani na unamgharimu nani? Nimekaa kwenye huduma miaka mingi, nimesikia mapepo yakionekana kwa madada wa kazi, kwa wajane, kwa wake wadogo, kwa watoto wa kambo, kwa bibi wa kijijini anayekuja mjini kusalimia wajukuu. Kwa mwenye nyumba ni mara chache. Kwa mchangiaji mkubwa wa ujenzi sijasikia bado. Kama Roho wa Mungu ndio anaonyesha, mbona anawaonyesha tu wale ambao kuwafukuza hakutugharimu kitu? Ile ya viwanja ilikugharimu, uliwekwa kwenye kundi la wasio na imani mpaka mambo yalipolipuka, sindio? Ya dada ilikugharimu nauli.

Na mimi sio kwamba nasimama juu nakuangalia chini. Nikiwa kijana, mchungaji msaidizi, kulikua na mzee mmoja kila nikianza maombezi anainuka anatoka nje. Kila Jumapili. Nikasikia rohoni, hivyohivyo unavyosema wewe, kwamba huyu mzee ana kitu kinachokimbia uwepo. Sikumtaja jina ila nilihubiri kwa mafumbo mpaka kila mtu akajua ni nani. Binti yake akanifuata baadae, taratibu tu, akasema mchungaji, baba ana kisukari, hawezi kukaa dakika arobaini bila kwenda chooni. Mzee hakurudi tena pale kanisani. Na mwaka huohuo nilimkaribisha mimi mwenyewe mhubiri mgeni, suti nzuri, anataja maandiko kama maji, nikamkabidhi mimbari siku tatu, akaondoka na sadaka ya mabati. Kwa yule sikusikia uzito wowote. Nilisikia upako. Kwahiyo Eli namfahamu vizuri.

Tuje kwenye kuikuza sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wanategemea nitaje idadi ya masaa ya kuomba.

Karama yenyewe Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye, hiyo ni 1 Wakorintho 12:11, huwezi kuilazimisha. Ila kuna upambanuzi mwingine ambao kila Mkristo anadaiwa, wa Waebrania 5:14, kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Angalia maneno hayo, kwa kutumiwa, zimezoezwa. Ni mazoezi. Na mi nadhani huyo mwenye karama maalum anahitaji haya mazoezi zaidi ya wengine, kama vile mwenye gari lenye spidi anahitaji breki kuliko mwenye baiskeli.

La kwanza, soma Biblia kwa wingi, namaanisha vitabu vizima, sio aya ya leo kwenye simu. Mama anayeuza mchele wa Kyela sokoni ukimletea mchele uliochanganywa anachota kiganjani anakwambia huu sio, na ukimuuliza amejuaje hawezi hata kukueleza vizuri, ni miaka ya kushika wenyewe. Mtu aliyesoma Injili zote nne mara kumi, akaona Yesu anavyoongea na mwanamke Msamaria, na Zakayo, na yule mwanamke aliyefumaniwa, akija mtu anaongea kwa jina la Yesu kwa dharau na vitisho, mkono unakataa wenyewe. Huo ndio mguso wa kuutegemea kwasababu umelishwa na kitu.

La pili ni daftari. Usicheke. Nunua kauntabuku, kila ukisikia kitu rohoni kuhusu mtu au jambo andika tarehe, andika ulichosikia kwa maneno yako, andika pembeni hali yako siku hiyo, ulilala saa ngapi, ulikula, uligombana na nani, unamwogopa nani, unamhitaji nani. Alafu usimwambie mtu. Omba juu yake, na baada ya miezi uje uandike kilichotokea. Najua tunakumbuka tulipopatia tu, wewe umekumbuka viwanja miaka miwili, ila je kuna mara ngapi moyo ulikataa na hakuna kilichotokea? Huwezi kujua bila daftari. Wanafunzi wangu waliofanya hivi kwa uaminifu mwaka mmoja, kitu cha kwanza wanachoniambia ni aibu, wameona robo tatu ya "nimefunuliwa" zao ziliandikwa siku wamekasirika.

Na hapo kwenye kujichunguza kuna mtu wa zamani namuona alituachia kitu kizuri, Ignasi wa Loyola, ambaye Wakatoliki wanamfahamu kama mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Alikua askari, mwaka 1521 akapigwa kombora mguuni pale Pamplona, akalala kitandani miezi. Akawa na ndoto za mchana za aina mbili, za ushujaa na mapenzi ya bibi mmoja wa cheo cha juu, na za kuishi kama watakatifu aliokua anawasoma. Zote zilimfurahisha wakati anaziwaza. Tofauti aliiona baadae: za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu na hana raha, za pili zilimwacha na furaha iliyobaki. Akajifunza kuangalia wazo linakuacha wapi, sio linavyokuja. Na akatoa sheria moja ambayo ingekuokoa wewe: ukiwa kwenye giza na uchovu wa roho usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na nuru. Ulimwajiri yule dada ukiwa na akili timamu, ukamfukuza ukiwa hujalala. Na jiulize amani yako sasa iko wapi, umesema mwenyewe huna. Huo nao ni ushuhuda.

La tatu, na hili ndilo gumu kwa wenye karama, uwe na watu wanaoweza kukwambia hapana. Yohana Kasiani, aliyeishi na wamonaki wa jangwa la Misri miaka ya mwisho ya karne ya 4, anasimulia habari za mzee mmoja aitwaye Heroni. Miaka 50 jangwani, anafunga kuliko wote, hata Pasaka hakwenda kula na ndugu zake asije akaonekana amelegea. Malaika akamtokea, akamwambia jitupe kwenye kisima usiku, kwa wema wako hutadhurika. Akajitupa. Wakamtoa nusu mfu, siku ya tatu akafa, na mpaka anakata roho hakukubali kwamba yule hakua malaika. Miaka 50 mama. Kufunga kulikuwepo, maombi yalikuwepo, kilichokosekana ni mtu mmoja ambaye Heroni angemwambia kesho yake asubuhi, ndugu, nimeambiwa nijitupe kisimani, unaonaje.

Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukashuka Uganda, Kenya na huku kwetu, walilijua hili. Kwenye ushirika walikua wanaita kutembea nuruni, unaweka jambo lako mezani mbele ya ndugu, na ndugu ana ruhusa ya kukwambia hapo kuna kiburi, tubu. Walikua na ukali wao, siwasifu kwa kila kitu, ila kikundi ambacho wote mnamwambia mwenzenu "Mungu anakutumia sana" na hakuna anayethubutu kuuliza, hicho hakina tofauti na kisima cha Heroni. Yakobo 3:17 akieleza hekima itokayo juu anasema ni ya amani, ya upole, "tayari kusikiliza maneno ya watu". Yule dada alisikilizwa? Kuna mtu alimuuliza mtoto usiku analalaje? Angekwambia labda, mama, huyu mtoto analala mdomo wazi, anavuta pumzi kama amekabwa. Wao ndio wanalala nao.

Kuna wakati upambanuzi hauhitaji mguso wowote, unahitaji maswali ya kawaida tu. Kanungu, Uganda, Machi 17 mwaka 2000, mamia waliteketea kanisani. Shakahola, Kilifi, 2023, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni. Ukiangalia nyuma, dalili zilikua wazi kwa macho ya nyama: watu wanauza mali, wanakatazwa hospitali, watoto wanatolewa shule, ndugu wanakua maadui, na kiongozi haulizwi. Hapo huhitaji kusisimka mwili ili ujue. Pesa nayo ni kipimo cha tangu zamani, kuna mwongozo wa Wakristo wa mwanzo kabisa uitwao Didake, unasema wazi nabii akisema kwa roho nipeni fedha, msimsikilize, na anayekaa siku tatu anakula bure ni wa uongo. Mi huwa nacheka nikifikiria makongamano yetu. Ila pesa peke yake haitoshi, kumbuka Loliondo 2011, kikombe cha dawa ya Babu pale Samunge kilikua shilingi 500 tu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mpole, hakujenga ghorofa. Kwa kipimo cha pesa anapita vizuri. Lakini wagonjwa walitolewa wodini wakafia njiani na kwenye foleni, na wengine waliacha dawa. Kwahiyo unapima na matunda pia, na matunda huchukua msimu.

Sasa mbona ya viwanja ulipatia? Nitakuuliza na mimi swali. Moyo ulikataa kabla hujamsikia anaongea au baada? Nina wasiwasi ulisikia "hati zitafuata", ukasikia "mwisho Jumapili hii", ukaona hakuna risiti, na kichwa chako kikajumlisha hayo kabla wewe hujajua kimejumlisha, ukaja kukiita moyo umekataa. Sisemi haikua ya Roho. Roho wa Mungu hana ugomvi na akili aliyokupa, na mi naamini ilikua yote mawili. Tatizo ni kwamba ulipopongezwa ukaambiwa ni karama tupu, ukaanza kuacha zile hesabu za kawaida, na kwa dada hukuzifanya kabisa: hukwenda hospitali kwanza. Mtoto anayekoroma na kushtuka ni hospitali kwanza alafu maombi njiani, hiyo sio kukosa imani.

Kwahiyo hiyo karama unayo? Inawezekana. Isikushughulishe sana jina lake. Kwa miezi sita acha kusema chochote kuhusu mtu yeyote kikundini, omba tu, andika daftarini, na tafuta mama mmoja mtu mzima kanisani ambaye hakuogopi, mpe hilo daftari alisome kila mwezi. Yule mama wa nyoka usimshambulie, naye alikua anakupenda alitaka kukusaidia, ila mbele ya kikundi sema ulichoambiwa na daktari na sema tulikosea wote, mtaje dada kwa jina kwamba hakua na kosa. Jina lake lilichafuliwa hapo, lisafishwe hapohapo. Eli kwa upungufu wake wote alifanya hili moja haraka, Hana alipojieleza hakubishana, alimwambia enenda kwa amani.

Na yule binti mtafute. Kwa sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au malipo yake, na wewe ulimpa nauli, kwahiyo kuna mshahara wa watu uko mkononi kwako, na Yakobo 5:4, ile ya ujira uliozuiliwa unaopiga kelele, unaijua. Sijui yeye kwao alisema nini, binti aliyerudishwa ghafla toka mjini watu husema yao. Ukimpigia usimwambie "nakusamehe" wala "shetani alitupitia", mwambie nilikusingizia, mtoto alikua anaumwa, nisamehe, na kama mama yake yuko karibu omba uongee naye pia umwambie maneno hayohayo kwa mdomo wako. Ile hela itume kwanza kabla hujapiga simu, ili asije akadhani unampigia kumrudisha kazini.